Sisimizi Kwenye Shuka la Mtoto

Fundi aliwaona sisimizi kabla hajaketi kwenye cherehani. Walitoka kwenye ufa wa ukuta, wakapita chini ya meza, wakapanda mguu wa kiti na kuingia ndani ya furushi alilolileta Bibi jana yake. Mstari wao ulikuwa umenyooka kama mshono wa mtu anayeijua kazi.

Alilifungua furushi. Ndani mlikuwa na shuka tatu za mtoto mchanga ambazo pindo zake zilikuwa zimefumuka. "Nishonee, mwanangu," Bibi alikuwa amesema, huku akitazama barabarani kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. "Ila mwenzio asijue kwamba nimezileta kwako."

Huyo mwenzio alikuwa Mama Mdogo, mwanamke ambaye Dereva, mwana wa Bibi, alimwoa baada ya kumwacha Fundi. Mtoto alikuwa wa Mama Mdogo, wa kiume, ana siku ishirini na tatu, na Bibi alikuwa amempachika jina la Mgeni. Fundi hakuwa amewahi kumwona hata ukucha. Mama Mdogo alimfungia chumbani na kuwaambia watu wazi kwamba macho ya mke wa zamani si ya kumwangalia mtoto.

Shuka mbili zilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa imechanganywa kwa bahati mbaya kabla ya kufuliwa. Kona yake moja ilikuwa imekakamaa kwa mkojo uliokauka, kama karatasi iliyopakwa gundi, na hapo sisimizi walikuwa wamejaa, vichwa chini, wanakula. Fundi aligusa kwa ncha ya kidole. Kidole kikanata.

Mungu atusamehe sisi sote, maana kilichotangulia moyoni mwa Fundi kilikuwa furaha.

Alikaa kitako kwenye sakafu, shuka mapajani. Miaka saba nyuma, nepi za binti yake zilinata hivi hivi. Bibi alizitazama zikiwa kwenye beseni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto mtamu huyu! Hata sisimizi wameanza kuleta posa!" Nyumba nzima ilicheka, naye Fundi alicheka pamoja nao. Katika wiki ya sita mtoto alipelekwa hospitali akiwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Wakaambiwa ni kisukari. Dereva akasema kwao hakuna kitu kama hicho, na kwamba tumbo lililozaa ndilo liulizwe. Alilisema neno hilo miaka mitano, kisha akaondoka nalo kwenda kwa mwanamke mwingine.

Sasa tumbo lilikuwa lingine, lakini sisimizi walikuwa wale wale.

"Kumbe ni kwako," Fundi alimwambia Dereva asiyekuwepo. "Kumbe ni kwako, baba."

Furaha ile haikukaa. Ilipotoka ilimwachia kumbukumbu ya maombi yake mwenyewe. Siku aliposikia kwamba Mama Mdogo ana mimba, alipiga magoti kando ya kitanda na kusema kwa sauti: Mungu, naye aonje. Hakuomba zaidi ya hayo.

*

Mama Vifungo, aliyekodi nusu ya chumba kile kwa kazi ya kutoboa na kushona vifungo, alimkuta amesimama katikati ya nyumba.

"Unakwenda wapi na sare za watu hazijaisha?"

"Sijasema nakwenda."

"Umevaa viatu."

Fundi alivitazama viatu vyake kana kwamba vimevaliwa na mtu mwingine. "Mtoto wa yule mwanamke ana sukari."

"Nani kasema?"

"Sisimizi."

Mama Vifungo alianza kucheka, kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikakatika. Alivuta kiti. "Sikiliza, mwenzangu. Usiende. Ukienda ukasema mtoto anaumwa, na akawa anaumwa kweli, umeroga. Ukisema anaumwa na akawa mzima, una kijicho. Kote umeliwa."

"Na nisipokwenda?"

"Usipokwenda, umeshona sare."

Fundi akavua viatu. Akakaa, akakanyaga cherehani, akashona kola nne mfululizo bila kuinua kichwa. Kola ya tano ilimshinda. Alifungua droo ya meza kutafuta mkasi, na mkono wake ukagusa bahasha.

Ndani ya bahasha ile mlikuwa na barua ya daktari, kurasa mbili. Miaka miwili iliyopita daktari mmoja mwanamke wa hospitali kubwa aliuliza kwa nini mtoto amekuwa na kisukari tangu akiwa mchanga, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. Alipeleka damu ya mtoto na ya wazazi kupimwa mbali. Majibu yaliporudi, sindano zikaachwa, vikaanza vidonge. Ukurasa wa kwanza ulisema hayo, na kwamba mtoto alizaliwa na kosa kwenye chembe za urithi, ila damu za wazazi wote wawili hazikuonyesha kosa hilo. Dereva aliupenda sana ukurasa ule. "Umeona? Damu yangu safi."

Ukurasa wa pili hakuwahi kuuona. Ulisema kwamba kosa kama lile huweza kujificha kwenye mbegu ya mzazi mmoja bila kuonekana kwenye damu yake, kwa hiyo mtoto yeyote atakayefuata, awe wa baba huyu au wa mama huyu, apimwe sukari siku za mwanzo kabisa. Fundi alikuwa amejiambia kwamba Dereva angeuchana tu. Lakini mbele za Mungu ukweli ulikuwa mwingine. Hakutaka mtoto wa mwanamke yule aje duniani na bahati ya kusubiriwa na karatasi, bahati ambayo binti yake hakuipata.

"Maji," sauti ilisema chini ya meza.

Alikuwa binti yake. Bibi alimwita Chiriku akiwa mchanga kwa sababu ya kulia sana, na jina likamganda, ingawa sasa alikuwa na miaka saba na maneno kumi na moja tu. Fundi alikuwa ameyaandika yote kwa chaki ya kushonea ndani ya mlango wa kabati: mama, maji, bado, hapana, toto, na mengine sita. Miguu ya Chiriku ilichelewa, mikono ilichelewa, na kifungo kimoja kilimchukua asubuhi nzima.

"Unataka maji?"

Chiriku akatikisa kichwa. Alikuwa amechuchumaa mbele ya shuka, akiwaangalia sisimizi. Kila Jumamosi alikwenda kwa Bibi, ambako Mama Mdogo aliishi, na Mama Mdogo hakumficha yeye mtoto, kwa kuwa aliona hana la kusimulia. Akagusa kona iliyokakamaa. Akanyonya hewa kwa midomo, kwa pupa, kama mtoto kwenye ziwa la mama yake.

"Toto maji," alisema.

Fundi akaacha mkasi.

"Toto maji," Chiriku alirudia. "Toto maji, toto maji."

Tangu azaliwe hakuwa amewahi kuunganisha maneno mawili. Kila jioni Fundi aliomba aishi kuyasikia. Alidhani yatakuwa "mama njoo," au "mama chakula." Sasa yalikuja, na yalikuwa ya mtoto wa yule mwanamke. Wivu ulimpanda kooni. Hata hili? Hata hili nalo amechukua?

Lakini alivaa viatu. Akachukua bahasha na ile shuka, akachukua kikopo chenye kipimo cha sukari, akamshika Chiriku mkono. Vipande vya kupimia vilikuwa vimebaki viwili.

"Sare?" Mama Vifungo aliuliza.

"Wenyewe waambie nimekwenda kuroga."

*

Mama Mdogo alisimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, kama mwamba wa goli. Alikuwa mwanamke mdogo, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, nguo imelowa maziwa kifuani.

"Bibi hayupo?" Fundi aliuliza.

"Yupo, anaoga. Msubiri hapo hapo."

"Sikuja kwa Bibi, bibie. Nimekuja kwako. Mtoto wako ananyonya muda wote?"

"Hayo yanakuhusu nini?"

"Anakojoa hata hujamaliza kumfunga nepi?"

Mama Mdogo alitupa jicho nyuma, chumbani kwa mtoto. "Nani kakwambia?"

"Na uzito? Kliniki walisema ameongezeka?"

"Nimekuuliza nani kakwambia!" Sauti ilipanda, na majirani wawili waliokuwa wakianua nguo wakaacha kuanua. "Mmeona? Mtoto hajamwona, lakini anajua anavyokojoa! Jamani, mtu atajuaje kama si kazi ya mikono yake?"

Bibi alitoka na taulo mabegani. Aliiona shuka mkononi mwa Fundi, akageuza uso pembeni.

"Mama," Fundi alimwambia, "wakumbuka sisimizi wa posa?"

Bibi alikaa kwenye ngazi, taratibu.

"Nilimpa mimi zile shuka," alisema hatimaye. "Nilimpa azishone."

"Umempa nguo za mwanangu, mama? Huyu? Huyu aliyesema mbele ya watu kwamba nami nitaonja?"

"Nilisema," Fundi alijibu.

Hata majirani hawakutegemea jibu hilo.

"Nilisema, na nilimwomba Mungu pia. Kwa magoti. Sikuja hapa kwa sababu nakupenda. Nakuonea wivu tangu unaingia nyumba hii, na mtoto wako nilimwonea wivu akiwa bado tumboni. Kuna hili nalo." Alitoa ukurasa wa pili. "Soma. Nimekaa nao miaka miwili."

Mama Mdogo aliusoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho alirudia juu.

"Miaka miwili unayo?"

"Miaka miwili."

"Ulijua, ukakaa kimya. Ukanitazama nikibeba mimba."

"Ndiyo. Nitukane utakavyo, nitakaa hapa uwanjani unitukane mpaka uchoke. Lakini kwanza nipe kisigino cha mtoto. Tone moja tu. Kila siku inayopita inakula kichwani mwake. Mimi najua. Njoo uone."

Akamvuta Chiriku mbele. Hakuwahi kumtumia mtoto wake namna ile, kumwonyesha watu kama nguo yenye kasoro, na aibu ilimchoma usoni.

"Huyu sukari yake ilijulikana wiki ya sita. Vidonge alivianza ana miaka mitano. Muulize jina lake."

Mama Mdogo hakuuliza. Alikitazama kile kipimo. "Utamdunga na kitu gani hicho? Nitajuaje hamna dawa ndani?"

Chiriku alikuwa amekiona kikopo. Kwa miaka yote kikopo hicho kilikuwa na maana moja tu kwake. Alikwenda mwenyewe mpaka mbele ya Mama Mdogo, akanyoosha kidole cha kati, akafumba macho.

Fundi alisita. Vipande vilikuwa viwili, na kimoja kikiharibika hapakuwa na kingine. Alimdunga binti yake mbele ya wote. Chiriku hakulia. Kipimo kilisoma sita.

"Hiyo ni sawa?" Bibi aliuliza.

"Ni sawa. Kwa vidonge."

Mama Mdogo alikitazama kidole cha mtoto yule, ambacho bado kilikuwa kimenyooshwa. Kisha akaondoa mikono kwenye miimo ya mlango. "Ingia," alisema. "Mungu ndiye shahidi yangu. Mwanangu akifa, nitakuzika naye."

Mgeni alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana. Ngozi ya tumbo lake, Fundi alipoibana kidogo, ilibaki imesimama. Alikuwa mzuri. Alikuwa na nyusi za Dereva. Fundi alimdunga kisigino, akaweka tone kwenye kipande cha mwisho. Wote watatu waliinamia kipimo.

Hakikuandika namba. Kiliandika herufi mbili tu, ambazo Fundi alizifahamu tangu zamani. Sukari ilikuwa imepita kiwango kinachoweza kuhesabiwa.

"Inasemaje?" Mama Mdogo aliuliza. "Dada, inasemaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada.

"Inasema mbebe twende."

*

Daktari alikuwa yule yule. Aliusoma ukurasa wake mwenyewe, akamtazama Fundi juu ya miwani, na mtazamo huo ulikuwa mbaya kuliko karipio. Mgeni aliwekewa maji na dawa ya sindano, na siku ya nne, sukari ilipotulia, daktari akaleta kidonge. Alikisaga kati ya vijiko viwili, akakichanganya na maji kidogo, akamdondoshea mtoto mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Dereva alifika na sare yake ya gari la mikate, unga mabegani. "Kwa hiyo ni kwangu?" aliuliza, bila kumwangalia yeyote.

"Si kosa la mtu," daktari alisema. "Kwenye kongosho kuna vijilango vidogo sana. Vikifunga, dawa ya mwili ya kushusha sukari hutoka. Kwa watoto hawa vimekataa kufunga. Kidonge hiki huvifunga. Sasa, vijilango kama hivyo vipo kwenye ubongo pia, ndiyo maana mtoto huchelewa kusema na kutembea. Sindano hushusha sukari, lakini kwenye ubongo haifanyi kitu. Kidonge hufika huko kidogo. Mtoto akikianza mapema, ubongo ukiwa bado unajijenga, hupata faida kubwa zaidi."

"Na huyu?" Mama Mdogo aliuliza.

"Siwezi kukuahidi kila kitu. Lakini ana siku ishirini na saba." Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyu amewahi."

Fundi alitoka nje. Alisimama kwenye korido, paji la uso ukutani, karibu na ndoo ya mfagiaji. Amewahi. Neno dogo hivyo. Angeuza cherehani, angeuza mikono yake yote miwili, kulisikia neno hilo mara moja likisemwa juu ya Chiriku. Alijaribu kuomba. Alijaribu kushukuru, na shukrani ikakataa kutoka, ikawa kama uzi usiopita kwenye tundu. Mwisho akasema lililokuwepo. Mungu, namwonea wivu mtoto aliyelala na mrija mkononi. Nifanye nini?

Mlango ulifunguka. Alikuwa Dereva.

"Ungenipa ile karatasi," alisema.

"Ungeichana."

Alifikiri. "Labda ningeichana," alisema, na kwa mtu kama yeye huko kulikuwa ni kuomba radhi. Akajipangusa unga, akaenda kazini.

Mama Mdogo alipotoka hakumshukuru wala hakumtukana. Alikuwa na vijiko viwili mkononi. "Nikisaga kinabaki kwenye kijiko," alisema. "Wewe unafanyaje?"

"Maji kwanza," Fundi alijibu, macho bado mekundu. "Lete nikuonyeshe."

*

Kwa mwaka mmoja na miezi minane, wanawake wale hawakuwa marafiki. Walikuwa watu wenye dawa moja. Duka la dawa la hospitali likiishiwa, mmoja alimtuma Bibi kwa mwingine. Chiriku aliendelea kwenda kwa Bibi kila Jumamosi. Maneno kwenye mlango wa kabati yaliongezeka, pengine moja kwa miezi, pengine mawili kwa wiki, yakafika ishirini na nane. Daktari alisema hilo ni jema kwa mtoto aliyechelewa. Fundi alilichukua lile jema, akalirudia njia nzima ya kurudi nyumbani, na halikumtosha.

Siku moja Mama Mdogo alileta kitambaa cha suruali ya Mgeni. Aliingia na mtoto akitembea kwa miguu yake, akisema tangu mlangoni. "Gari. Gari kubwa. Mama, baba mkate. Hii nini? Mama, hii nini?"

Mama Mdogo akamziba mdomo kwa kiganja.

Fundi alikuwa anachukua futi ya kupimia. "Mbona unamziba?"

"Basi tu. Ana kelele."

"Sema kweli."

Mama Mdogo alitazama chini. "Nikija kwako huwa namwambia anyamaze. Najua linavyokuuma."

Mama Vifungo aliinamia vifungo vyake kana kwamba vimemwita.

"Linaniuma," Fundi alisema. "Nikuongopee ili iweje? Akifungua mdomo kila kitu kinaniuma. Lakini mara ya kwanza ulimficha na macho yangu, na wote tunajua tulivyokaribia. Toa mkono."

"Dada..."

"Toa mkono, mwenzangu. Mwache aseme."

Mkono ulitoka. Mgeni alivuta pumzi, akasahau alichokuwa anasema, akaanza upya. Alikwenda mpaka kwenye kabati, ambapo Chiriku alikuwa amekaa akipanga vipande vya vitambaa, akaokota kitu cheupe sakafuni na kumwinulia dada yake usoni.

"Hii nini?"

Chiriku alikitazama. Midomo ilijikusanya, ikaachia, ikajikusanya tena. Hakuna aliyesogea.

"Cha," alisema. "Chaki."

"Chaki!" Mgeni alipokea papo hapo, safi, bila kukwama, kana kwamba lilikuwa lake siku zote.

Fundi alisikia yote mawili, na yote mawili yalimwingia. Alinyanyuka, akafungua mlango wa kabati, akachukua ile chaki mkononi mwa mtoto na kuliandika neno chini ya mengine, la ishirini na tisa. Wivu ulikuwa pale pale chini ya koo, mahali ulipozoea kukaa. Akamrudishia Mgeni chaki, akamwekea mkasi kwenye mkono wa pili, makali yake yakiwa yamefungwa kwa kitambaa.

"Muulize tena dada yako," alimwambia. "Muulize, na hii nini?"